Hakuna Mjane Mwingine

Mihayo alikufa vitani mwezi wa pili mwaka 1979, huko ng'ambo ya mpaka, na habari ikamfikia mkewe Bernadina wiki tano baadaye akiwa shambani anapalilia pamba. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na askari kijana ambaye viatu vilikuwa vinambana. Askari alisoma karatasi harakaharaka, akaikunja, akamkabidhi, halafu akaomba maji. Alikunywa kata nzima bila kupumua. Miaka mingi baadaye Bernadina alikuwa hakumbuki neno hata moja la ile karatasi, lakini koo la yule kijana, likipanda na kushuka, alilikumbuka.

Kijiji chao kilikuwa upande wa Buzwagi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kahama mjini. Bernadina aliishi katika kaya ya wakwe zake, na kwa kuwa wakwe wenyewe walishafariki, mkubwa wa kaya alikuwa Theonest, kaka yake Mihayo. Theonest alikuwa karani wa mizani ya pamba mpaka serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Kazi ilikwisha, kalamu ikabaki. Aliichomeka mfukoni mwa shati kila siku, na pale kijijini ilikuwa nadra barua kuandikwa au kusomwa bila kupita mikononi mwake. Alikuwa pia na sanduku la posta mjini, la pekee katika ukoo wao. Watu walimheshimu, naye alijua kuheshimiwa.

Ndiye aliyemsomea Bernadina barua ya pili, iliyokuja mwishoni mwa mwaka ule. Serikali ingewalipa watoto wa marehemu posho kila baada ya miezi mitatu, mpaka kila mmoja atimize miaka kumi na minane. Fedha zingeingizwa benki, kwenye akaunti ileile ambayo marehemu alikuwa akipokelea mshahara.

"Na kitabu cha hiyo benki kiko wapi?" Bernadina aliuliza.

Theonest alivua miwani. "Unajua kiko wapi, shemeji."

Alijua. Kitabu kilikuwa Shinyanga, kwa Mwahija, na jina lake lilikuwamo.

Mihayo alianza kuishi na Mwahija mwaka 1974, alipopangiwa kazi Shinyanga. Alikuwa binti wa Kiislamu wa palepale mjini, baba yake Mmanyema aliyefanya kazi reli. Hapakuwa na cheti, si cha padri wala cha shehe, lakini mtaa mzima ulimjua kuwa mke wa Mihayo, na walizaa mtoto, Akida. Mwaka 1977 Mihayo alikuja nao likizo ili wazee, waliokuwa hai bado, wamwone mjukuu wao. Walikaa siku mbili. Mwahija alimwamkia Bernadina, "Shikamoo dada," akaketi naye kupukuchua mahindi kwa vidole vyenye hina, akalala chumba kimoja naye maana nyumba ilikuwa ndogo na Mihayo alilala kwa kaka yake. Wakati wa kuondoka alimwachia mche wa sabuni na shati la mtoto. Bernadina aliitumia ile sabuni kwa hasira, akaimaliza kwa wiki moja.

Mwaka 1980 ukapita. Kila Theonest alipokwenda mjini kuangalia sanduku lake, kama Mwahija ametuma chochote, alirudi na magazeti ya zamani, akatikisa kichwa kabla hata hajateremka kwenye baiskeli.

"Hamna kitu, shemeji. Wanaomwona wanasema anabadilisha khanga kila Ijumaa. Damu ya ndugu yangu hiyo inavaliwa."

Bernadina alikuwa na watoto wawili, Mbuke wa miaka minane na Ngassa wa miaka mitano. Mwaka huo walikula unga wa njano wa msaada ambao ulinuka ghala, na hata kuupata ilibidi ujue mtu. Ngassa alivaa shati moja mpaka likabaki kola na mikono. Kila jioni Bernadina alipolala njaa alimwona Mwahija, na hina yake, akifungua kitabu cha benki. Chuki ile ilimsaidia. Ilimfanya asubuhi aamke.

Ndipo Theonest akaitisha kikao cha ukoo. Alieleza kama mwalimu: dawa ni kuhamisha akaunti. Ukoo umchague msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo imthibitishe, msimamizi afungue akaunti Kahama, kisha ofisi ya wilaya iandike Dar es Salaam kwamba kuanzia sasa fedha za watoto wa marehemu ziletwe huku.

"Akaunti iwe na jina langu," Bernadina alisema.

Wazee walimtazama Theonest. Theonest alitabasamu, hakukasirika hata kidogo. "Iwe na jina lako, sawa. Utaacha watoto na nani, ukashinde kwenye foleni ya benki? Na fomu zao utajaza na nani? Acha mimi nihangaike, shemeji. Wewe kula na wanao."

Ikapita hivyo, Theonest akachaguliwa msimamizi. Na usiku wa kuamkia siku ya mahakama hakumwambia jambo lolote jingine ila moja: "Hakimu atakuuliza kama kuna mjane mwingine. Ukisema yupo, atagawa. Na akigawa, Mama Mbuke, kitakachobaki hakitoshi hata chumvi. Huyo ana cheti? Hana. Basi kisheria hayupo."

Tangazo la mirathi lilibandikwa kwenye ubao wa mahakama pale Kahama kwa siku zilizotakiwa. Nani atoke Shinyanga aje kusoma ubao wa Kahama? Siku ilipofika Bernadina alishika Biblia, akaapa. Hakimu alikuwa mtu mpole mwenye sauti ndogo.

"Marehemu aliacha wajane wangapi?"

"Mmoja."

"Hakuna mjane mwingine, hapa wala mahali pengine?"

Bernadina aliwatazama wazee wa baraza, wawili, mmoja anasinzia. Alijua kabisa anachokwenda kusema.

"Hakuna."

"Watoto?"

"Wawili."

Hakimu aliandika. Walipotoka nje Theonest alimnunulia chai na maandazi mawili, akamwambia, "Umewaokoa wanao." Naye aliamini hivyo. Alikula andazi moja, la pili akalifunga kwenye pembe ya khanga kwa ajili ya watoto.

Fedha ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa mwaka 1982. Theonest alileta doti ya khanga, kilo mbili za sukari, sare za shule na viatu vya raba. Kaya nzima ilinywa chai ya sukari siku tatu. Ya pili ilikuja, akaleta nusu ya hapo. Ya tatu alikuja na maneno.

"Nimeingia duara kule Bulyanhulu," alisema. Duara ni shimo la dhahabu; watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za huko, wachimbaji wadogo walioacha majembe na kwenda kuchimba mwamba. "Hii fedha ikija hivi hivi na kuliwa, shemeji, watoto watafikisha miaka kumi na minane hawana kitu. Ikiingia duarani itazaa. Nitawajengea nyumba ya bati, Mbuke atasoma mpaka achoke mwenyewe."

Hakuwa mlevi Theonest, wala hakuongeza mke. Ingekuwa hivyo Bernadina angejua la kusema. Alikuwa mtu anayeamini. Alilisha wachimbaji watatu, akakodi pampu ya kutoa maji, akauza hata ng'ombe wake mwenyewe wawili. Alikuwa akirudi Bulyanhulu na jiwe limefungwa kwenye leso, analilowesha kwa mate, analigeuza juani.

"Unaiona ile nukta?"

Bernadina aliona jiwe.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1983 alikuja na karatasi iliyopigwa taipu ukurasa mzima. "Wanataka uthibitisho kwamba watoto wapo hai. Weka sahihi hapa chini."

Bernadina alikuwa amefuzu elimu ya watu wazima, cheti kilikuwa ukutani. Alijua kusoma, polepole, kwa kidole. Lakini Theonest alikuwa amesimama hajaegesha hata baiskeli, na kuinama mbele ya shemeji yako, ukapitisha kidole mstari kwa mstari kwenye karatasi aliyokuletea, ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Alichukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, zile ambazo mwalimu wake alizisifu.

Baada ya hapo hakikuja tena chochote. Mwaka 1984 pamba ilikaukia shambani. Siku moja mwalimu alimrudisha Mbuke nyumbani mwenyewe, amemshika mkono, maana msichana alianguka mstarini asubuhi. "Hana ugonjwa, mama," mwalimu alisema bila kumtazama. "Mpe chakula."

Bernadina alimfuata Theonest, aliyekuwa ameketi mlangoni kwake akitengeneza taa ya karabai.

"Fedha ya watoto iko wapi?"

"Maji yameingia shimoni. Subiri kiangazi kikolee."

"Sikuulizi habari za shimo, shemeji."

"Ndilo jibu lenyewe, Mama Mbuke. Sina lingine."

Kesho yake alikwenda Kahama peke yake bila kuaga. Ofisi ya wilaya alikuwapo karani mmoja aitwaye Sabiti, mtu wa makamo mwenye mafua yasiyokwisha, aliyeshughulikia karatasi za wategemezi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa jalada, akalipekua.

"Inawezekana," alisema. "Mahakama iliyomweka msimamizi inaweza kumwondoa. Ikitoa amri, wewe unafungua akaunti yako, mimi naandika Dar es Salaam wabadilishe. Habari za malipo zenyewe ziko huko, sisi hapa tunapitisha karatasi tu." Akapenga kamasi, akarudi kwenye jalada. "Ila kuna jambo. Hii karatasi ya jeshini ina watoto watatu. Ya mahakama ina wawili. Akida Mihayo ni wa nani?"

Bernadina alikaza fundo la khanga yake.

"Mayu, mama, nakuuliza."

"Yuko Shinyanga."

"Na mama yake?"

"Yupo naye huko."

Sabiti aliweka kalamu chini. Alimtazama bila ukali. "Basi mlete huyo mama. Hakimu hatalifungua tena jalada hili akisikia habari za upande mmoja. Na utakapoulizwa mara ya kwanza ulisema nini, utajibu mwenyewe. Hapo mimi sina msaada."

Aliuza kuku wanne, akapanda lori mpaka Isaka, akapanda treni. Alishuka Shinyanga mchana, akauliza mtaa kwa mtaa mpaka akaelekezwa nyumba moja ya wageni karibu na soko. Mwahija alikuwa uani, anapiga pasi mashuka. Pasi yenyewe ya mkaa, na rundo la mashuka lilimfika kiunoni. Alikuwa amekonda. Vidole havikuwa na hina.

"Hodi."

Mwahija alinyanyua uso. Hakuamkia. Alirudisha macho kwenye shuka, akaendelea kupiga pasi.

"Karibu, Mama Mbuke. Kiti hakuna."

Bernadina alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Njiani alipanga maneno, tena mengi, lakini yote yalianza kwa kumlaumu mwenziwe, na sasa hakuona pa kuyaanzia. "Nimekuja kwa habari ya fedha za watoto," alisema.

"Zipi? Mimi nilikwenda benki na kitabu changu, wakaniambia, mama, hazipiti tena hapa, zimehamishwa. Nikauliza na nani. Wakasema mahakama ya Kahama. Nikakopa nauli, nikaja Kahama, karani wa mahakama akanisomea. 'Mjane ameapa kwamba hakuna mjane mwingine.'" Aligeuza shuka. "Nilibishana naye, unajua? Nilimwambia soma vizuri, baba, umekosea. Bernadina ananijua. Nimelala chumba kimoja naye. Akasoma tena. Ikawa ni ileile."

"Nilikuwa na njaa," Bernadina alisema. "Miaka miwili ulikula peke yako, sikuona hata senti. Wanangu walikula unga wa msaada…"

Mwahija aliiweka pasi juu ya tofali. Aliingia ndani ya chumba kilichokuwa mwisho wa ua, akatoka na kopo la maziwa ya unga lisilo na kifuniko. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa pamoja. Alizitupa mapajani mwa Bernadina.

"Wewe unajua kusoma. Mihayo alijisifu kwamba umepewa cheti. Soma."

Zilikuwa stakabadhi za hawala ya posta. Bernadina alipitisha kidole. Tarehe. Kiasi. Jina la mpelekaji, Mwahija binti Hatibu. Jina la mpokeaji, na sanduku la posta. Alisoma ya kwanza mpaka mwisho, akashika ya pili, ya tatu. Zote saba zilikuwa na mpokeaji mmoja: Theonest.

"Kila ilipoingia nilitoa fungu la wanao wawili, nikabaki na la mwanangu," Mwahija alisema. "Mihayo aliniambia, nyumbani mwenye sanduku ni kaka, ukituma chochote pitishia kwake. Nikaandika na barua, 'Mpe dada, kwa ajili ya watoto.' Hakuna aliyejibu. Nikasema, sawa, ananichukia, ana haki. Lakini anakula."

Bernadina alizishika zile karatasi. Mkaa ulilia ndani ya pasi. Alitaka kusema kwamba hakujua, na hilo lilikuwa kweli. Lakini hakimu hakumuuliza habari za hawala. Alimuuliza kama kuna mjane mwingine.

"Akida yuko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Nkome, ziwani, kwa kaka yangu. Nilishindwa kodi, nikashindwa na sare. Anageuza dagaa kwenye mchanga, mtumbwi ukirudi anakumba maji ndani yake. Ana miaka tisa. Aliishia darasa la pili."

"Mama Akida, nakuomba uje mahakamani. Tukaihamishe."

Mwahija alicheka kicheko kifupi. "Mwaka ule sikuwapo duniani. Mwaka huu nimezaliwa?" Alichukua pasi, akaipuliza majivu. "Nitakuja. Ila sikiliza vizuri. Siji kwa ajili yako, na usiniite ndugu yako njiani. Mwanangu ana haki yake humo. Niambie tarehe, halafu nenda, nina mashuka arobaini."

Siku ya kesi hakimu alikuwa yuleyule mpole. Alisoma alichoandika mwaka 1981, akamuuliza Bernadina kama alisema hivyo.

"Nilisema."

"Ulikuwa humjui huyu mama?"

"Nilikuwa namjua."

"Kwa nini basi?"

"Nilitaka fedha yote iwe ya wanangu."

Wazee wa baraza walinong'onezana. Mmoja alisema kwa sauti kwamba angefungwa. Hakimu alimwonya kwa maneno ambayo Bernadina aliyasikia yote, akiwa amesimama, na Mwahija ameketi nyuma yake. Kisha ikawa zamu ya Theonest. Alikuja amevaa shati safi, kalamu mfukoni. Hakukana hawala hata moja.

"Ndiyo nilizipokea. Niliziweka kwa ajili ya ukoo. Mheshimiwa, mimi sikununua bia. Kila senti iko shimoni Bulyanhulu, pamoja na ng'ombe zangu. Mtu akipanda mbegu na mvua isinyeshe, mnamwita mwizi?"

Watu wengine pale ndani waliguna kwa kumhurumia. Hakimu alisema habari ya hawala ni shauri jingine, Mwahija afungue akipenda, na malalamiko apeleke kwanza polisi. Lililo mbele yake ni usimamizi. Akamwondoa Theonest, akaamuru watoto watambuliwe watatu, na kila mama afungue akaunti kwa ajili ya wanawe. Theonest aliinamisha kichwa, akamshukuru.

Sabiti aliandika Dar es Salaam wiki ileile. Aliwapa tarehe ya kurudi, wiki nane mbele, waje na namba za akaunti zao ili malipo ya miezi mitatu yaingizwe siku hiyohiyo. Mwahija alikuja siku hiyo na basi la asubuhi, na nauli ya kuja tu; ya kurudi alitegemea malipo ya robo ile. Walikutana mlangoni mwa benki. Kila mmoja alikuwa na picha mbili ndogo na barua ya mwenyekiti wake. Foleni iliwachukua mpaka saa sita. Kufungua akaunti kulitaka shilingi ishirini, na kila mmoja alitoa ishirini yake, wakapewa vitabu viwili vipya. Bernadina alikifungua chake hapohapo mlangoni. Lilikuwa jina lake peke yake. Kwa dakika chache, wakati wakivuka barabara kwenda ofisi ya wilaya, alitembea kama mtu aliyeshiba.

Sabiti hakuchukua vile vitabu. Alikuwa na barua mbele yake, na aliwaomba waketi.

"Imejibiwa," alisema. "Kina mama, hakuna malipo ya kuhamisha. Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, msimamizi alilipwa posho yote ya miaka iliyobaki kwa mara moja. Aliomba, na ombi likakubaliwa."

"Aliomba peke yake?" Mwahija aliuliza.

Sabiti alisita, kisha akaigeuza karatasi iliyoambatanishwa, akaisukuma upande wao. Ilikuwa imepigwa taipu ukurasa mzima. Chini yake palikuwa na sahihi mbili. Ya pili ilikuwa ya herufi kubwa, zimesimama vizuri kila moja, BERNADINA.

Mara hii aliisoma. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, na wenzake wakamsubiri. *Mimi mjane wa marehemu naafiki.* Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena, kana kwamba yule aliyesimama na baiskeli Novemba ile bado amesimama pale na angeweza kumwambia angoje.

"Aliniambia ni uthibitisho wa uhai," alisema.

Mwahija alikuwa anamtazama Sabiti. "Na Akida? Fungu la Akida limo humo?"

"Hapana, mama. Walihesabiwa watoto wawili."

"Basi la kwake lipo bado."

"Halipo. Jalada lilifungwa kwa hesabu ya watoto wawili, kwa kiapo cha mahakama. Unaweza kuandika kuomba lifunguliwe. Mimi nitakuandikia, bure. Ila nisikudanganye, nimeandika za namna hii nyingi."

"Na zilizofunguliwa ni ngapi?"

Sabiti alipenga kamasi, akafuta pua taratibu, akaikunja leso yake mara nne. Mwahija akainuka.

Walisimama nje, upande wa kivuli cha jengo. Basi la Shinyanga lilikuwa linaondoka saa tisa. Mwahija alifungua kikoba chake, akakifunga. Halafu akaelekea benki. Bernadina alimfuata kwa nyuma.

Kijana wa dirishani ndiye aliyewahudumia asubuhi. Alikitazama kitabu, akamtazama Mwahija. "Hii imefunguliwa leo. Huwezi kutoa, mama, shilingi ishirini ndiyo inayoishikilia akaunti. Labda uifunge."

"Ifunge."

Kijana alitoa fomu. Alijaza jina, namba, tarehe. "Sababu ya kufunga?"

"Nauli," Mwahija alisema.

Aliandika. Akampa noti. Nauli ya Shinyanga ilikuwa shilingi thelathini na tano. Mwahija alibaki ameishika ile noti pale kaunta, na watu nyuma wakaanza kunung'unika. Bernadina alisogea, akaweka kitabu chake dirishani.

"Na hiki."

Kijana alitaka kuuliza sababu, akaacha. Aliandika neno lilelile. Bernadina alichukua ishirini yake, akaiweka juu ya ile ya mwenziwe. Mwahija alizichukua zote mbili. Hakukataa, na hakusema asante. Kituo cha basi hakikuwa mbali. Bernadina alimsindikiza hadi mlangoni mwa basi kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mwili wake. Walipofika Mwahija alihesabu chenji, akamrudishia shilingi tano, akapanda, akapata kiti cha dirishani.

"Mama Akida," Bernadina aliita. "Ukienda Nkome, nisalimie mtoto."

Mwahija alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nimwambie anasalimiwa na nani?"

Basi lilijaa, likaondoka. Bernadina alinunua unga kwa shilingi tano, akaanza safari ya saa mbili. Nyumba yake ilikuwa kwenye ardhi ya kaya, na kaya ilikuwa ya Theonest, na shamba alilolima lilikuwa la wakwe zake. Kesho yake asubuhi alipotoka na jembe, Theonest alikuwa mlangoni kwake, kalamu mfukoni, anafunga kiroba kwenye baiskeli kwa safari ya Bulyanhulu.

"Umeamkaje, shemeji?" alimwambia. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," Bernadina alijibu, akapita.